Kijana aliyeacha bangi mpeni kazi, si kipaza sauti

Bila shaka nawe umewahi kuyaona haya. Ni Jumapili asubuhi, ibada imepamba moto, kwaya imekwisha kuimba, na mchungaji anamwita mbele kijana wa miaka 16 au 17 aliyevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani haijatoka. Anakabidhiwa kipaza sauti. Anasimulia alivyoanza kuvuta bangi akiwa darasa la saba, alivyomwibia mamake pesa za kodi ya nyumba, alivyolala mtaroni akiwa hajitambui, na jinsi Bwana alivyomtoa huko. Vigelegele vinasikika hadi barabarani. Akina mama wanapangusa machozi. Kabla ya sadaka kukusanywa, inatangazwa kwamba kijana yule ndiye katibu mpya wa vijana.

Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Leo naandika kusema kwamba tulikuwa tukikosea, na kosa lenyewe si dogo, kwani linawarudisha kwenye ulevi watoto ambao tayari walikuwa wameanza kutoka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba makanisa na misikiti ijitoe katika kazi ya kuwasaidia vijana walionaswa na vileo na dawa za kulevya. Bila wao hatuna pa kuanzia. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya kila 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau aina moja ya kileo au dawa, na kwamba wapo walioonja pombe kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 7 tu. Sasa jiulize, mzazi wa Kayole, wa Kisauni au wa Nyalenda anapogundua kwamba mwanawe ni mmoja wao, huenda wapi kwanza? Madaktari wa akili ni wachache, na wazazi wengi wakisikia jina la Mathari huingiwa na hofu hata kabla ya kuuliza ni huduma gani zinazotolewa huko. Mwalimu wa ushauri nasaha shuleni ana vipindi vyake vya kufundisha kama walimu wengine, na mtoto humpata kwa dakika chache baada ya kengele ya mwisho. Kituo cha kulipia hudai ada ya miezi mitatu ambayo muuza mboga hawezi kuikusanya kwa mwaka. Kwa hivyo mzazi huenda kwa padri, kwa mchungaji, kwa imamu. Mlango huo u karibu, haulipishwi, na aliye ndani anamjua mtoto kwa jina lake.

Hiyo ni amana kubwa. Ninachouliza ni tunaitumiaje.

Acha nikusimulie habari za kijana mmoja. Sitamtaja kwa jina wala sitalitaja kanisa, ila nilikuwa mmoja wa wazee wa kanisa hilo, hapa Nairobi upande wa Eastlands. Kijana alikuwa kidato cha pili. Mamake alikuwa akiuza mitumba Gikomba, na babake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa akivuta bangi karibu kila siku na kuweka kuberi mdomoni, na miezi ya mwisho akaongeza pombe kali ya chupa ndogo. Aliposimamishwa masomo, mamake akamleta kwetu.

Likizo ya Agosti tulimpeleka katika kambi ya vijana. Akaokoka, nami hadi leo siamini kwamba alikuwa akitudanganya. Akaacha kuvuta. Wiki sita baadaye alisimama mbele ya waumini akatoa ushuhuda, na kwa kweli kijana alikuwa na kipaji cha kusema, maana watu walicheka alipotaka wacheke na wakalia alipotaka walie. Tukampeleka makanisa mengine. Tukampeleka katika shule mbili za upili awaonye wenzake. Kufikia Desemba alikuwa katibu wa vijana na alikuwa amenunuliwa suti. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulisifu asubuhi na jioni.

Januari alivuta tena. Mara moja tu, aliniambia baadaye, nyuma ya kibanda cha kinyozi, pamoja na rafiki wa zamani aliyemwuliza kwa dhihaka kama wachungaji nao huvuta. Sasa angemwambia nani? Jumapili iliyofuata alikuwa ameandikwa kuongoza maombi. Aliongoza. Jumapili ya pili aliongoza tena, ingawa usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amevuta. Ya tatu hakuja. Mamake alitwambia kwamba ameenda mashambani kumwona nyanya yake, nasi tukalikubali neno hilo upesi kwa sababu lilitufaa. Ilipita miezi minne kabla ya mmoja wetu kumwona katika kituo cha matatu, amekonda, akiita abiria kwa malipo ya shilingi kumi kumi.

Katika muda wote ule tuliomshughulikia, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama alikuwa akilala usiku. Naliandika hili kwa aibu. Tulikemea pepo la bangi, tukafunga siku tatu kwa ajili yake, tukampaka mafuta. Hatimaye alipofika kwa muuguzi wa afya ya akili katika zahanati ya umma, mojawapo ya maswali ya kwanza lilikuwa hilo la usingizi, na jibu likawa kwamba tangu babake azikwe hakuwa amepata usiku mmoja bila kushtuka, na kwamba bangi ndiyo iliyokuwa ikimlaza. Tulikuwa tumemnyang'anya kile kilichomlaza bila kujua kwamba kina kazi, kisha tukampandisha jukwaani.

Wataalamu wanatwambia kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo ya jambo kabla mtu hajalitenda, haikomai hadi mtu afikie kama miaka 25. Hii ni sababu mojawapo ya kijana kunaswa upesi kuliko mtu mzima. Utafiti mmoja uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu walioanza kunywa pombe kabla ya miaka 15, karibu 40 katika kila 100 walikuja kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani mwao, ilhali miongoni mwa waliongoja hadi miaka 20 au zaidi walikuwa karibu 10 tu. Kuanguka tena baada ya kuacha nako ni jambo la kawaida. Daktari hulitarajia, kama anavyojua kwamba ugonjwa wa pumu au wa kisukari unaweza kupanda tena hata kwa mgonjwa mwenye nia njema. Kanisani tunaliita kurudi nyuma, na neno hilo lina uzito ambao mtoto wa miaka 16 hawezi kuubeba mbele ya watu mia tatu waliompigia makofi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Cheo tulichompa kilimfungia mlango wa kurudi. Angekuwa mshirika wa kawaida, huenda angemjia mmoja wetu Jumatatu jioni akasema, "Mzee, nimeteleza." Katibu wa vijana hana ruhusa ya kuteleza.

Wapo waliolitambua jambo hili zamani. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, na walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Kilichipuka kutokana na kikundi cha dini, na hadi leo hatua zake 12 zinamtaja Mungu waziwazi. Watu hao wanaijua nguvu ya ushuhuda kuliko sisi, kwani mikutano yao karibu yote ni ushuhuda. Lakini katika kanuni walizozipitisha mwaka 1950 waliandika kwamba mwanachama asijitangaze kwa jina katika magazeti, redio wala filamu. Ushuhuda hutolewa chumbani, mbele ya wenzako waliopitia yale yale. Ukianguka unarudi katika chumba kile kile, unaketi kwenye kiti kile kile, unaanza kuhesabu siku upya. Uchunguzi uliokusanya tafiti 27 na kutolewa mwaka 2020 ulikuta kwamba watu 42 katika kila 100 waliosaidiwa kufuata njia hiyo kwa utaratibu maalumu walikaa mwaka bila kunywa, ilhali kwa matibabu mengine ya mazungumzo walikuwa 35. Tofauti hiyo si kubwa kama wahubiri wetu wangependa, na wengi wa waliochunguzwa walikuwa watu wazima, lakini ipo.

Utaniambia, mbona kuna ushuhuda wa vijana uliotikisa dunia? Ni kweli. Mwaka 1958 mhubiri David Wilkerson alitoka katika mji mdogo wa Pennsylvania akaenda New York kuwatafuta vijana wa magenge, na kazi hiyo ikazaa shirika la Teen Challenge ambalo leo lina vituo katika nchi nyingi. Miongoni mwa walioongoka siku zile za mwanzo alikuwa Nicky Cruz, kiongozi wa genge la Brooklyn lililojiita Mau Maus. Naam, jina walilichukua kwetu, na hapa msomaji ana ruhusa ya kutabasamu. Kitabu cha Wilkerson kilipotoka mwaka 1963, habari za Cruz zilivuma kote. Kinachosahauliwa ni kwamba kijana huyo alipelekwa kwanza upande wa pili wa nchi, California, akasoma katika chuo cha Biblia kabla ya kurudi kufanya kazi na vijana wenzake. Hata huyo ambaye kila mhubiri humtolea mfano alipewa muda wa kukomaa. Sisi tulitoa wiki sita.

Je, kijana anayepambana na dawa asifundishwe uongozi? Afundishwe, tena mapema iwezekanavyo. Mtoto aliyeishi mwaka mzima akiitwa mwizi na mvuta bangi ana kiu ya kuaminiwa. Ukimwombea kisha ukamwacha akae bure mchana kutwa, marafiki wa maskani watampa kazi kabla yako. Lakini uongozi ni kazi kabla haujawa cheo, na makanisa yetu yamezoea kugawa vyeo.

Tazama chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanza mwaka 1987. Hicho si chama cha dini, ila kina funzo kwa watu wa dini. Timu za watoto hupewa alama za ligi kwa kuzoa takataka na kusafisha mitaa yao, na alama hizo huongezwa kwa zile za mabao uwanjani. Vijana wenyewe hushika filimbi, hufundisha wadogo zao na kuketi katika kamati, na wanaotumika vyema husaidiwa karo. Hakuna anayetakiwa kusimama awaeleze watu alivyokuwa mbaya zamani. Swali ni kama takataka zimezolewa.

Kanisani kwetu tulifundishwa somo hilo na mzee mtunza kanisa, ambaye sidhani kama amewahi kuhudhuria semina hata moja ya uongozi. Kijana wetu aliporudi, hakurudi kwetu sisi tuliokuwa tukivaa tai. Alifika langoni Ijumaa moja jioni, na mzee huyo ndiye aliyekuwapo. Hakumwuliza alikuwa wapi. Alimwambia, "Mjukuu wangu, viti ni mia mbili na arobaini. Kesho kuna harusi. Njoo saa kumi na mbili asubuhi tuvipange, na vikipungua uniambie." Kijana alifika saa mbili. Mzee akamwonyesha safu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, akamwambia kwamba zimepangwa na mtu wa miaka sabini. Jumamosi iliyofuata kijana alifika saa kumi na mbili kasorobo.

Baada ya miezi mitatu alipewa ufunguo wa ghala. Mwaka ule alianguka mara mbili zaidi, nami nimeambiwa hivyo na yeye mwenyewe. Mara zote mbili alimwambia mzee kabla ya harufu kumsema. Mzee aliuchukua ufunguo, akampeleka kwa yule muuguzi wa zahanati, na wiki ilipokwisha akamrudishia ufunguo wake bila hotuba. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu jinsi ya kuwashauri waraibu, na sijakuta mpango unaonishinda kuusifu kama huo. Kazi inayohesabika, mtu wa kuiangalia, na jambo likiharibika kinachukuliwa kitu kidogo ambacho kinaweza kurudishwa. Cheo hakirudishwi. Ukimvua mtu cheo mbele ya kanisa, umemmaliza.

Kutoka kwenye viti kijana anaweza kupanda hadi kushika daftari la pesa za chai, kisha kuandika kumbukumbu za mkutano, kisha kuwafundisha wadogo zake Jumapili. Ukiniuliza ni lini aruhusiwe kutoa ushuhuda hadharani, nitasema baada ya miaka miwili, na iwe yeye ndiye aliyeomba. Kipimo hicho ni changu mwenyewe. Mwenye kipimo bora na akilete.

Neno moja kuhusu kambi, maana najua likizo zikikaribia makanisa huanza kuchangisha. Mwaka 1939 huko Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana waliodhaniwa kuwa katika hatari ya kupotoka. Zaidi ya wavulana 500 walihusishwa, nusu wakapewa washauri na misaada ya kila aina, nusu wakaachwa bila msaada huo. Walipofuatiliwa miaka 30 baadaye, waliosaidiwa hawakuwa bora. Baadhi yao walikuwa wabaya zaidi, na watafiti walipochimbua zaidi waligundua kwamba madhara yalikuwa makubwa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo yao ni kwamba wavulana wasumbufu waliowekwa pamoja walifundishana. Ndiyo sababu sipendi vile vikundi vya "vijana walioacha dawa" ambavyo wanachama wake hawana la kuzungumza ila dawa. Mchanganye mtoto huyo na wenzake wanaojishughulisha na kwaya, kaswida, mpira au hesabu za mtihani. Mzee wetu hakufungua kikundi. Alikuwa na viti.

Wasichana nao tunawasahau. Wanakunywa na kuvuta, ila wanafichwa na jamaa zao, na hivyo huja kwetu wakiwa wamechelewa. Akitokea msichana akatoa ushuhuda hadharani, maneno yake humfuata kuliko yanavyomfuata mvulana, hadi siku ya posa. Wengi wana jeraha lililotangulia pombe, na jeraha hilo haliwezi kusemwa mbele ya mchungaji wa kiume ndani ya chumba kilichofungwa. Kanisa au msikiti usio na mwanamke aliyefunzwa ushauri usijidai kwamba unawahudumia wasichana. Wala mtu mzima yeyote, hata awe mtakatifu kiasi gani, asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya kuua. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatiwa pombe ghafla, anaweza kupata kifafa katika saa 48 za mwanzo, kisha akaweweseka na hata kufa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, maombi yamfuate huko huko wodini. Mtumiaji wa heroini aliyeacha kwa majuma kadhaa mwili wake husahau kiasi ulichokuwa ukikimudu, na akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua. Ndugu zangu wa Pwani wanalijua hili. Wapo vijana wanaojaribu kuacha unga mwezi wa Ramadhani, na hiyo ni nia njema kabisa, lakini siku za Idi ndizo za kuwakaa karibu. Huko Malindi mradi wa Omari umekuwa ukiwashughulikia watumiaji wa heroini tangu mwaka 1995, na tangu miaka ya 2014 na 2015 serikali imekuwa ikitoa dawa ya methadoni kwa watu wazima katika kliniki za Mathari na za Pwani. Wapo wahubiri na masheikh wanaosema kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi nawaomba waende kliniki asubuhi moja wawaone watu wanaokunywa kikombe chao kisha wakaenda kazini.

Tulipofukua msitu wa Shakahola mwaka 2023 na kukuta miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto, tuliona mwisho wa dini ambayo hakuna anayeruhusiwa kuihoji na ambayo inamkataza mgonjwa kuonana na daktari. Silinganishi kanisa lako na Shakahola. Nasema tu kwamba mchungaji anayekuambia utupe dawa za mtoto kwa sababu amekwisha kuombewa amekwishaanza kuifuata njia hiyo.

Kuhusu sheria nitasema machache. Tangu mwaka 2014 nchi hii ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, na anayefanya kazi hiyo anatakiwa kusajiliwa. Vituo vya kurekebisha waraibu navyo vinatakiwa kuwa na idhini. Muulize mwenye kituo akuonyeshe karatasi zake. Asipokuwa nazo, ondoka, hata kama ukuta umejaa aya za Biblia au za Kurani.

Wewe mzazi ambaye juma hili umekuta karatasi za kuvutia bangi katika mfuko wa sare ya shule, usisubiri. Piga simu nambari 1192 ya NACADA, ambayo haitozwi. Kisha nenda kwa mchungaji au imamu wako, ila kabla hujamwachia mtoto mwulize ni nani atakuwa naye siku ya Jumanne, maana Jumapili kila mtu yupo. Mwulize atafanya nini mtoto akianguka tena. Akisema haanguki mtoto aliyeombewa vyema, mshukuru kwa heshima umpeleke mwanao kwingine. Mwulize pia ni daktari au muuguzi gani anayeshirikiana naye. Na akikuomba ruhusa ya mtoto kutoa ushuhuda, wewe ndiwe mzazi, una haki ya kukataa.

Kijana wetu alimaliza kidato cha nne, akachelewa mwaka mmoja tu. Sasa anajifunza kazi ya umeme, na Jumamosi bado anafungua kanisa, kwa sababu miguu ya mzee imechoka. Majuzi mhubiri mgeni aliwaomba vijana wote waliowahi kuokolewa kutoka kwa dawa za kulevya wapite mbele wawatie moyo wengine. Vijana wanne walipita. Nilimtafuta kwa macho nikamwona nyuma kabisa, karibu na mlango, midomo ikimchezacheza. Nilidhani anaomba. Baada ya ibada aliniambia kwamba alikuwa akihesabu viti, kwa kuwa kumi na viwili vilikuwa vimeazimwa kwa matanga ya Alhamisi na vilikuwa vimerudi kumi na kimoja.